Mazoezi kama tiba ya moyo: kupanga majuma 12 ya kwanza ukiwa Mombasa

Mgonjwa wa moyo anaporudi nyumbani kutoka hospitali, iwe ni Majengo, Kisauni au Mji wa Kale, jamaa zake humwekea mito, humkataza ngazi, humzuia hata kutoka barazani, na kila anayekuja kumjulia hali husisitiza neno lile lile: apumzike. Nia ni njema, na kwa kweli hiyo ndiyo iliyokuwa tiba rasmi ya madaktari hadi katikati ya karne iliyopita, wakati aliyepatwa na mshtuko wa moyo alilazwa chali kwa majuma kadhaa. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston waliandika kuhusu wagonjwa waliokalishwa kitini mapema badala ya kulazwa, na dhana ya kitanda ikaanza kutikisika. Mwaka 1966, huko Dallas, vijana watano wenye afya nzuri walikaa kitandani majuma matatu, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilionekana kwamba yale majuma matatu yaliwapunguzia uwezo kuliko miaka yote 30 ya kuongezeka umri.

Mwongozo huu unayachukulia mazoezi kama dawa iliyoandikwa na daktari, yaani kitu chenye kipimo, chenye saa zake, chenye madhara kikizidishwa, na chenye watu wasioruhusiwa kukitumia kwa wakati fulani. Umeandikwa kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia na kwa jamaa anayemwangalia, na hauchukui nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jua ugonjwa wako, ndipo ujue utafiti upi unakuhusu

Neno "ugonjwa wa moyo" hubeba magonjwa mengi, na matokeo ya utafiti wa ugonjwa mmoja hayahamishwi tu kwenda kwa mwingine. Kwa mishipa ya moyo iliyoziba au kusinyaa, ushahidi ni mwingi. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kukusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 85 yenye washiriki zaidi ya 23,000, na yakaonyesha kwamba programu za mazoezi hupunguza vifo vitokanavyo na moyo, mshtuko wa moyo na kulazwa hospitali. Mjini Leipzig, Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwagawa wanaume 101 wenye maumivu ya kifua yaliyotulia katika makundi mawili, kundi moja likiwekewa stenti, yaani kimrija cha waya cha kuuweka mshipa wazi, na jingine likiendesha baiskeli ya kukaa dakika 20 kila siku. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 88 ya waendesha baiskeli hawakuwa wamepata tukio baya la moyo au mishipa, na kwa waliowekewa stenti ilikuwa asilimia 70. Hata hivyo utafiti huo ulikuwa mdogo, wa wanaume peke yao, nao haukuhusu mtu aliye katikati ya mshtuko wa moyo, ambaye kwake kuzibuliwa mshipa ni jambo la kuokoa uhai. Anayeutumia kama hoja ya kukataa stenti aliyoshauriwa anausoma vibaya.

Kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu ya kutosha, utafiti mkubwa ni HF-ACTION wa mwaka 2009, uliofanywa kwa wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa. Mazoezi yalionekana kuwa salama. Hesabu ya kwanza ya vifo na kulazwa haikuonyesha tofauti ya uhakika, ila baada ya kuzingatia hali ambazo wagonjwa walianza nazo, ulionekana upungufu wa takriban asilimia 11. Kwangu mimi funzo kuu la utafiti huo limo katika jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: washiriki wengi, walipoachiwa kuendelea nyumbani, hawakutimiza dakika walizopangiwa. Dawa isiyomezwa haiwezi kupimwa nguvu zake, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuyaendeleza mazoezi katika joto, mitaa na ratiba za watu wa Mombasa.

Kwa presha ya kupanda, mazoezi ya kutembea, kuogelea au baiskeli hupunguza namba ya juu kwa kadiri ya milimita 5 hadi 8 za zebaki, kiasi kinachokaribia cha kidonge kimoja. Kwa mishipa ya miguu iliyosinyaa, ambayo humfanya mtu ashikwe na maumivu ya vigimbi vya miguu kila atembeapo, tiba yenyewe ni kutembea: mgonjwa huenda mpaka maumivu yafike kiasi cha wastani, husimama hadi yaishe, kisha huendelea, kwa dakika 30 hadi 50, mara tatu kwa juma, kwa muda usiopungua majuma 12.

Lipo jambo moja la kutuhusu sisi zaidi. Utafiti wa THESUS-HF, uliofuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwamo, ulikuta wastani wa umri ukiwa miaka 52, chanzo kikubwa kikiwa presha, na mishipa ya moyo iliyoziba ikiwa chanzo kwa wachache, chini ya mmoja kati ya kumi. Majaribio mengi ya mazoezi yamefanywa katika nchi ambako mgonjwa wa kawaida ni mzee wa mishipa iliyoziba. Kwa hiyo mtu wa hapa mwenye valvu, yaani milango ya moyo, zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni asijifananishe na washiriki wale, kwa kuwa valvu iliyosinyaa hulemewa pale mapigo yanapokwenda mbio, na mpango wake ni lazima utoke kwa daktari wa moyo baada ya kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Hatua ya pili: omba ruhusa, na uulize maswali mahususi

Usiridhike na jibu la "fanya mazoezi mepesi mepesi." Muulize daktari: je, maumivu yangu ya kifua yametulia? Moyo wangu unasukuma kwa asilimia ngapi? Mapigo yangu yana mpangilio? Nisivuke mapigo mangapi kwa dakika? Kama nilipasuliwa kifua, mfupa umeunga?

Usianze, au simamisha ulichoanza, ikiwa maumivu ya kifua yanakuja ukiwa umekaa au yanazidi siku hadi siku, ikiwa miguu imevimba na unashindwa kulala bila kuinua mito, ikiwa uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku mbili au tatu, ikiwa presha ya asubuhi imefika 180 kwa 110 au zaidi, ikiwa una homa, au ikiwa umeambiwa una uvimbe wa misuli ya moyo au valvu ya mshipa mkuu iliyosinyaa sana. Mengi kati ya haya hutibika, na baada ya kutibiwa mlango wa mazoezi hufunguka tena.

Hatua ya tatu: pima ulipo

Kabla ya juma la kwanza, pima mapigo ukiwa umekaa kimya asubuhi, pima presha, pima uzito, kisha omba kliniki ikupime kwa kutembea dakika sita. Kipimo hiki hakihitaji mashine. Mgonjwa hutembea kwenda na kurudi kwenye ujia ulionyooka wa mita 30, kwa mwendo anaouweza, akiruhusiwa kusimama anapochoka, na mwisho mita zote hujumlishwa. Ziandike mita hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, maana utazihitaji baada ya majuma 12.

Hatua ya nne: weka kipimo cha ukali

Hapa ndipo wengi hukosea, wengine kwa kujionea huruma kupita kiasi, wengine kwa kutaka kulipa deni la miaka 20 kwa siku moja.

Njia ya kwanza ni ya mapigo, nayo hutumia hesabu ya Martti Karvonen wa Ufini, iliyotoka mwaka 1957. Chukua mapigo ya juu kabisa uliyofikia katika kipimo cha hospitali cha kufanya mazoezi huku moyo ukipimwa, toa mapigo ya kukaa, na tofauti hiyo ndiyo akiba yako. Mtu ambaye kipimo kilimfikisha mapigo 150 na akiwa amekaa ana 74 ana akiba ya 76. Asilimia 40 ya akiba ni kama 30, na asilimia 60 ni kama 46, kwa hiyo atafanya mazoezi kati ya mapigo 104 na 120. Ile kanuni ya mitaani ya kutoa umri kutoka 220 haimfai anayetumia atenololi, bisoprololi au kavedilolo, kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo yasipande. Mgonjwa wa namna hiyo akikazana kuifikia namba ya kwenye karatasi atajichosha mno, naye ataona namba haifiki. Kipimo cha hospitali nacho kifanywe akiwa amekunywa dawa zake za kila siku, ama sivyo hesabu haitafaa.

Njia ya pili ni kujisikiliza kwa mizani ya Gunnar Borg wa Uswidi, inayoanza 6, ambayo ni kukaa bila kufanya lolote, hadi 20, ambayo ni mwisho wa nguvu. Kwa majuma ya mwanzo kaa kwenye 11, yaani kazi nyepesi, kisha upande hadi 12 na 13, ambapo kazi inaanza kuonekana kazi.

Njia ya tatu ni ya watu wa Pwani, nami huipenda kuliko zote mbili. Tembea na mwenzako. Mkikutana na mtu mnayemjua, uweze kuitikia salamu, kuuliza habari za nyumbani, za watoto na za mzee, bila kukatika pumzi katikati ya neno. Ukishindwa kumaliza salamu, umevuka kipimo. Ukiweza kuimba ubeti mzima wa taarabu kwa sauti, hujakifika.

Hatua ya tano: chagua saa na mahali

Katika Mombasa joto si kitu cha kupuuza katika hesabu ya moyo. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho hutiririka bila kukauka, mwili haupoi, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi, na moyo hulazimika kupiga zaidi kwa mwendo ule ule. Mwendo uliokuwa 12 kwenye mizani ya Borg wakati wa kusi unaweza kuwa 15 mwishoni mwa kaskazi, katika miezi ya Februari na Machi. Saa nzuri ni baada ya sala ya alfajiri mpaka jua linapoanza kuchoma, au baada ya alasiri jua likishuka. Wakati wa kaskazi, punguza mwendo badala ya kupunguza siku.

Kuhusu maji, ushauri wa jumla wa "kunywa maji mengi" unaweza kumdhuru mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa na amewekewa kikomo cha maji kwa siku. Yeye afuate kikomo chake, na kwa ajili hiyo hiyo akwepe saa za jua kali. Anayetumia dawa za kukojoza, kama furosemidi, yumo katika hatari ya upande wa pili, yaani kukaukiwa na kupata kizunguzungu, kwa hiyo amwulize daktari saa ya kumeza kidonge siku za mazoezi. Na dafu, ambalo kwetu ni kinywaji cha kwanza baada ya kutoa jasho, lina potasiamu nyingi. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo na presha kama spironolaktoni, enalaprili au losartani, hasa kama figo zake ni dhaifu, madafu ya kila siku yanaweza kupandisha potasiamu kwenye damu hadi kuvuruga mapigo. Aulize kwanza.

Mahali pa kuanzia ni pawe tambarare, pawe na pa kukaa, na pawe karibu na barabara ambapo tuktuk inaweza kufika. Mama Ngina pana upepo wa bahari, kivuli cha mibuyu na viti, na watu wa rika zote hutembea hapo asubuhi na jioni, kwa hiyo hakuna atakayemkodolea macho mama wa makamo mwenye buibui na raba. Vichochoro vya Mji wa Kale vina kivuli karibu siku nzima, ila angalia pikipiki. Ufuo wa Nyali ni mzuri maji yakiwa yamepwa na mchanga ukiwa mgumu. Kwenye mchanga mkavu unaodidimia, kutembea hutumia nguvu karibu maradufu, kwa hiyo dakika kumi za hapo usizihesabu kama dakika kumi za lami. Mteremko wa feri pale Likoni uwe wa majuma ya mwisho. Nikiwa hapo niongeze onyo: kukimbilia feri inayofunga mlango, baada ya siku nzima ya kukaa, bila kupasha mwili moto, huku umebeba mfuko wa soko, ni zoezi kali kuliko lolote lililomo katika mwongozo huu. Feri nyingine itakuja.

Hatua ya sita: majuma 12

Kila mara anza kwa dakika tano hadi kumi za mwendo wa polepole, na malizia vivyo hivyo. Kusimama ghafla huacha damu imejikusanya miguuni, presha ikashuka, na mtu akaanguka pale pale alipojiona amemaliza salama. Wanaotumia dawa za presha huathirika zaidi.

Majuma mawili ya kwanza, tembea dakika kumi, mara mbili kwa siku, siku tano. Juma la tatu na la nne, fanya dakika 15 hadi 20 kwa mkupuo mmoja. Kuanzia la tano hadi la nane, fika dakika 25 hadi 30, na hapa ndipo ukali upande kwenye 12 au 13. Kuanzia la tisa, lenga dakika 150 kwa juma, ambazo ndizo kiwango cha chini cha mwendo wa wastani kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kwa watu wazima. Ongeza dakika kwanza, ukali baadaye, wala usiongeze vyote viwili katika juma moja. Ukikosa juma zima kwa ugonjwa au msiba, rudi nyuma majuma mawili kabla ya kuendelea.

Wengine wamesikia habari za mazoezi ya vipande vikali, dakika nne za kasi zikifuatwa na mapumziko mara nne. Habari hizo zina asili ya kweli, maana mwaka 2007 utafiti wa Norwe wa wagonjwa 27 ulionyesha faida kubwa ajabu. Lakini utafiti mkubwa zaidi wa SMARTEX wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 261, haukuona kwamba vipande vikali vilishinda mwendo wa wastani, na washiriki wengi hawakuweza kuufikia ukali waliopangiwa hata wakiwa chini ya uangalizi. Mgonjwa anayefanya mazoezi peke yake mtaani hana haja navyo.

Hatua ya saba: misuli

Baada ya majuma manne hivi ya kutembea bila tatizo, ongeza siku mbili za nguvu: kuinuka kwenye kiti bila kushika mikono, kusukuma ukuta, kuinua chupa ya maji ya nusu lita, kila zoezi mara 10 hadi 15. Aliyepasuliwa kifua asiguse uzito wa mikono mpaka daktari athibitishe mfupa umeunga, jambo ambalo huchukua majuma nane hadi 12. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Anayebana pumzi huku akiinua mzigo huirusha presha yake juu kwa ghafla, na hiyo ndiyo hatari ya mtungi wa lita 20 unaopandishwa ngazi hadi ghorofa ya tatu siku ambazo mifereji imekauka. Mtungi huo una kilo zisizopungua 20. Mgonjwa agawe maji katika mitungi ya lita tano, au amwachie kijana wa mkokoteni.

Mwezi wa Ramadhani

Suala la kufunga na saa za kumeza dawa liamuliwe na daktari kabla ya mwezi kuandama. Aliyeruhusiwa asifanye mazoezi mchana wala mara tu baada ya futari nzito. Asubiri saa moja au mbili, na kwa wengi kutembea kwenda tarawehe na kurudi hutosha kuwa zoezi la siku. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari apime sukari kabla ya kutoka na awe na tende au sukari mfukoni.

Dalili za kusimama papo hapo

Simama na uketi ukihisi kifua kubana, maumivu yanayopanda shingoni, tayani au mkononi, kizunguzungu, mapigo yanayorukaruka, au pumzi isiyotulia. Kama umepewa dawa ya kuweka chini ya ulimi, iweke ukiwa umekaa. Maumivu yasipokwisha ndani ya dakika tano, usisubiri kurudi nyumbani kuombewa kwanza. Piga 999 au 112, au chukua chombo cha kwanza kinachopita hadi hospitali yenye huduma ya dharura, na mtu mwingine akusindikize. Kiganjani uwe na karatasi ndogo yenye jina la ugonjwa wako, dawa zako na namba ya jamaa.

Daftari na kliniki ya juma la 12

Kila siku andika mambo matano: uzito wa asubuhi, presha, dakika ulizotembea, namba ya Borg, na dalili yoyote. Mwisho wa majuma 12 rudia kipimo cha dakika sita kwenye ujia ule ule, saa ile ile, ukiwa umekunywa dawa zile zile. Nenda na daftari kliniki. Ikiwa namba ya juu ya presha imekuwa ikishuka chini ya 100 na unaona kiwi ukisimama, daktari anaweza kupunguza dawa, lakini usijipunguzie mwenyewe kwa sababu umeona namba nzuri. Sehemu ya namba hiyo nzuri imeletwa na kidonge. Na kama mita hazijaongezeka, fungua kurasa za katikati mbele yake, mhesabu pamoja ni siku ngapi kati ya 60 zilizopangwa ulizotembea kweli, kabla ya yeyote kusema kwamba mazoezi hayakufaa.